Nyimbo za Matanga na Machozi ya Waliozitunga

Msomaji mpendwa, ikiwa umewahi kukesha katika matanga ya Wakristo mahali popote nchini, kuanzia Voi hadi Webuye, basi nyimbo hizi unazijua hata kama hujawahi kufungua kitabu chake. Moto umekokwa uani, sufuria ya chai ya mkandaa inachemka, na wanakamati ya mazishi wamejitenga pembeni na daftari lao, wakipiga hesabu ya kilichochangwa na kile kinachodaiwa na mochari. Kisha mama mmoja ambaye hakuteuliwa na mtu anaanzisha kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi, na wengine wanadakia. Kabla ya usiku wa manane mtakuwa mmeshapitia Yesu Kwetu ni Rafiki, mkaja Nionapo Amani Kama Shwari, mkarudi Kaa Nami, na hata wasiokwenda kanisani wataitikia kwa kuwa nyimbo hizo walizisikia kwa nyanya zao.

Zote zimo katika Tenzi za Rohoni, na zote zilitungwa ng'ambo zaidi ya karne moja iliyopita kabla hazijatiwa katika Kiswahili. Zinasema jambo moja ambalo ndilo kiini cha imani ya Mkristo: kwamba yuko mwenye uwezo juu ya kifo, na kwamba giza la kaburi, na giza lile jingine linaloingia moyoni mwa mtu akiwa hai, hayana neno la mwisho.

Sina ugomvi na imani hiyo. Ninayo. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyoitumia. Mjane akilia kwa sauti, hakosi mtu wa kumwendea na kumshika bega: "Nyamaza mama, wewe ni mtu wa wokovu. Ukilia hivyo utamfurahisha shetani." Mzazi aliyempoteza mwana akisema kwamba haoni tena sababu ya kuamka asubuhi, huambiwa Mungu hafanyi makosa, kisha wimbo huanzishwa haraka ili maneno yake yasisikike. Wimbo unakuwa kama blanketi la kumfunika mtu uso.

Ndipo nikaanza kujiuliza: hao waliozitunga nyimbo hizi walikuwa watu wa namna gani? Je, walikuwa watu waliopita katika maisha bila kujikwaa, hata wakaweza kutuimbia amani? Nimezisoma habari zao, na naona ni haki nawe uzijue kabla ya matanga yajayo.

Tuanze na Nionapo Amani Kama Shwari. Aliyeutunga, Horatio Spafford, alikuwa wakili mjini Chicago, Marekani, mzee wa kanisa la Presbyterian na mtu mwenye mali. Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, na mali yake nyingi ikaenda na moto. Miaka miwili baadaye aliamua kuipeleka jamaa yake Ulaya. Shughuli zikamchelewesha, akawatanguliza mkewe Anna na mabinti wao wanne kwa meli iliyoitwa Ville du Havre. Tarehe 22 Novemba 1873, katika bahari ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na nyingine ikazama kwa muda wa kama dakika 12. Watu 226 walikufa. Mabinti wote wanne wa Spafford walikuwa miongoni mwao. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 11, mdogo miaka miwili. Anna aliokolewa, na alipofikishwa Cardiff huko Wales alimpelekea mumewe telegramu ya kumwarifu kwamba ameokoka peke yake.

Spafford alipanda meli kumfuata mkewe. Inasimuliwa kwamba walipokuwa njiani nahodha alimwita na kumwonyesha mahali meli ile ilipozama, na kwamba maneno ya wimbo yalizaliwa hapo. Wako wanaoamini aliyaandika baadaye. Mwaka 1876 Philip Bliss aliyatia muziki, akaupa muziki huo jina la meli iliyozama. Mwaka huo haukwisha salama kwake: tarehe 29 Desemba, Bliss na mkewe walikufa wakiwa ndani ya gari moshi, daraja lilipoporomoka huko Ashtabula, katika jimbo la Ohio.

Wahubiri wetu wengi huishia Atlantiki. Wengine hata hukipamba kisa wakisema Spafford alikuwa ameshampoteza mwanawe wa kiume kabla ya ajali ya meli. Si hivyo. Mwana huyo alizaliwa baada ya mkasa, na alikufa kwa homa mwaka 1880, wakati wazazi walipoanza kudhani mvua imeanuka. Na hapa ndipo panapouma. Watu wa kanisa lao walianza kunong'ona. Mikasa yote hiyo kwa nyumba moja? Lazima iko dhambi iliyofichwa. Mungu anawaadhibu. Mtu ambaye wimbo wake ulikuwa ukiimbwa katika mikutano ya injili alijikuta yeye na mkewe wakitazamwa kwa jicho la pembeni na waumini wenzao, kama Ayubu alivyotazamwa na rafiki zake. Waliachana na kanisa hilo, na mwaka 1881 wakahamia Jerusalem na kundi dogo la wafuasi. Spafford alikufa huko kwa malaria mwaka 1888.

Kwa hiyo, unapomwimbia mfiwa wimbo huo, kumbuka aliyeuandika alijua mafarakano ya aina mbili: yale ya bahari na yale ya washirika wa kanisa. Sijui ni yapi yaliyomlemea zaidi.

Yesu Kwetu ni Rafiki una habari fupi zaidi, na za kimya. Joseph Scriven alizaliwa Ireland mwaka 1819. Alikuwa akijitayarisha kuoa wakati mchumba wake alipokufa maji katika mkesha wa harusi yao. Baadaye alihamia Kanada, akaishi maisha ya ukapera katika jimbo la Ontario. Alipata mchumba mwingine, naye akaugua na kufa kabla ya kufunga ndoa. Watu wa huko walimkumbuka kama mtu wa ajabu kidogo aliyetembea na msumeno begani akiwapasulia kuni wajane na wagonjwa bila malipo. Inasemwa tajiri mmoja alitaka kumwajiri, akaambiwa asijisumbue, maana mtu huyo hafanyi kazi kwa wenye uwezo wa kulipa.

Maneno ya wimbo aliyaandika mwaka 1855 kumpelekea mamaye aliyebaki Ireland akiwa na majonzi. Hakuyakusudia yachapishwe. Mwishoni mwa maisha yake alikuwa maskini, mgonjwa, na mwenye huzuni iliyowatisha jamaa na marafiki. Agosti 1886 alikuwa akiuguzwa na watu wa karibu naye kando ya ziwa la Rice. Usiku mmoja alitoka kitandani bila kuonekana. Asubuhi alipatikana majini, amekufa. Je, alikwenda kunywa maji akaanguka? Au alichoka? Hakuna aliyejua wakati ule na hakuna ajuaye leo. Walimzika kwa heshima, karibu na yule mchumba wa pili, wakaliacha swali hilo kwa Mungu.

Walimzika kwa heshima. Nataka tukae hapo kidogo, msomaji, kwa sababu ya mazishi mengine niliyohudhuria miaka michache iliyopita, mahali nisipopataja.

Marehemu alikuwa kijana wa miaka 24, mpiga kinanda wa kanisa. Alikuwa amepoteza kazi, akadhoofika, akawa halali usiku. Miezi miwili kabla ya kifo chake alimwendea mmoja wa viongozi, akamwambia kwamba moyo wake umekuwa mzito na haoni mbele. Alijibiwa kwamba mtu aliyeokoka hawezi kusikia hivyo. Afunge, aombe, akemee. Kijana alifunga siku tatu. Alikonda zaidi. Kisha akajitoa uhai.

Wazee wa kanisa walikutana jioni hiyo hiyo. Uamuzi: jeneza lisiingie kanisani, mchungaji asivae joho, kwaya isivae sare, tangazo lisitolewe madhabahuni. Anayetaka kwenda aende kama jirani. Kamati ya mazishi ikabaki na watu wanne, na mchango ukawa wa kuokoteza. Babu mmoja akapendekeza azikwe jioni, jua likishazama, "kama ilivyokuwa zamani," na hakuna aliyempinga.

Mama ya kijana alikaa kwenye mkeka bila kusema lolote siku tatu. Siku ya nne mzee mmoja alikuja kumpa pole kwa niaba yake binafsi, kama alivyosisitiza mwenyewe. Mama akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzee, mwanangu alikuwa mgonjwa. Angekufa na malaria mngekuja?" Yule mzee alikohoa. Akasema hayo ni mambo ya katiba ya kanisa.

Walikuja akina mama wa kwaya hata hivyo, tisa kati ya thelathini na kitu, wamejifunga leso. Hawakuwa na kinanda. Mpiga kinanda ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Walisimama kando ya kaburi, mwangaza ukipungua, wakaimba Yesu Kwetu ni Rafiki beti zote. Sidhani kulikuwa na mtu pale aliyejua habari za yule mpasua kuni wa Ontario na ziwa lake. Wangejua, huenda wangeimba kwa sauti ya juu zaidi.

Na laiti wale wazee wangemjua William Cowper!

Huyu ndiye aliyeandika wimbo tuuimbao kama Damu Imebubujika, ambao hakuna Ijumaa Kuu inayopita bila kuusikia. Alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1731. Mamaye alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka sita. Alisomea sheria bila kuipenda. Mwaka 1763 alitafutiwa kazi ya ukarani katika Bunge la Malordi, lakini ilibidi kwanza ahojiwe hadharani, na hofu ya siku hiyo ikamvuruga akili. Alijaribu kujitoa uhai zaidi ya mara moja. Jamaa zake hawakumficha wala hawakumlaani. Walimpeleka St Albans kwa daktari aliyeitwa Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili na sifa ya kuwatendea kwa upole. Alikaa huko zaidi ya mwaka. Ni huko, akiisoma Biblia aliyoikuta bustanini, sura ya tatu ya Waraka kwa Warumi, alipohisi kwa mara ya kwanza kwamba Mungu hamchukii.

Zingatia mpangilio huo. Alipata tiba na akapata neno, mahali pamoja na chini ya mtu yule yule. Daktari Cotton alikuwa mtabibu na mcha Mungu, na hakuona vita kati ya mambo hayo mawili.

Baadaye Cowper alihamia mji mdogo wa Olney, ambako kasisi alikuwa John Newton. Jina hilo unalijua: ndiye yule nahodha wa zamani wa meli za watumwa, aliyesafirisha Waafrika kutoka pwani ya magharibi, na ambaye baadaye aliandika wimbo wa neema ya ajabu. Hawa wawili, mfanya biashara ya watumwa aliyetubu na mwanasheria aliyevunjika moyo, waliandika pamoja kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1779, na nyimbo zaidi ya 60 kati ya zilizomo ni za Cowper.

Laiti kisa kingeishia hapo, kingetufaa sana mimbarini. Ungekuwa ushuhuda safi: nilikuwa mgonjwa, nikaokoka, nikapona. Lakini Januari 1773 ugonjwa ulirudi. Safari hii Cowper aliota ndoto ambayo ndani yake aliambiwa kwamba kwake mambo yamekwisha na amepotea. Akaiamini. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1800, miaka 27, aliamini kwamba Mungu anaweza kumwokoa kila mtu duniani isipokuwa yeye. Hakurudi tena kwenye ibada za kanisa. Watu waliimba nyimbo zake wakafarijika, na yeye mwenyewe akakaa nyumbani akiona hazimhusu.

Newton alifanyaje? Alimchukua akaishi naye nyumbani mwake. Cowper alikuja Aprili 1773, akakataa kuondoka, na akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Hebu fikiri, msomaji: mgeni ndani ya nyumba ya kasisi, mwaka mzima na ushei, ambaye hali vizuri, anayelia, anayesema Mungu amemtupa, anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana asije akajidhuru. Newton alimpeleka matembezi. Alimpa kazi za bustani. Mary Unwin, mjane aliyekuwa kama mama na dada kwake, alimwuguza kwa miaka mingi. Baadaye majirani walimpa sungura wachanga, naye akapata nafuu kwa kuwafuga. Watatu kati yao aliwaandikia habari zao. Aliandika pia mashairi ya kupinga biashara ya utumwa mwaka 1788, na kazi nyingine zilizompa heshima kubwa katika fasihi ya Kiingereza. Miaka 27 ya giza haikuwa mitupu. Ilishikiliwa na mikono ya watu.

Sasa, kama mwaka 1763 Cowper angefaulu katika jaribio lake, na korti ikaamua kwamba alikuwa na akili timamu, sheria ya Uingereza ilikuwa tayari na adhabu ya maiti: kuzikwa kwenye njia panda, bila sala, na mali yake kutwaliwa na mfalme. Mwaka 1823 Bunge liliruhusu watu wa namna hiyo wazikwe katika makaburi ya kanisa, ila iwe kati ya saa tatu na saa sita za usiku na bila ibada. Kitabu cha sala cha Kianglikana cha mwaka 1662, ambacho wamishenari walikileta huku, kiliagiza kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa aliyejitoa uhai. Hivyo yule babu aliyetaka kijana azikwe jua likizama, akidhani anatetea mila za mababu, huenda alikuwa akitetea pia amri ya Waingereza bila kujua. Ni kweli jamii zetu kadhaa zilikuwa na miiko yao: kuzika nje ya boma, kuukata mti, kutolia. Miiko miwili ilikutana, ule wa nyumbani na ule wa ng'ambo, ikaoana.

Wenyewe walioileta wameshaiacha. Kanisa Katoliki, katika sheria zake za mwaka 1983, liliwaondoa waliojitoa uhai katika orodha ya watu wasiostahili maziko ya kanisa. Katekisimu yake ya mwaka 1992 inafundisha kwamba hofu kubwa na ugonjwa wa akili vinaweza kupunguza hatia, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wao, bali tuwaombee. Uingereza ilifuta kosa la kujaribu kujitoa uhai mwaka 1961. Sisi tulibaki na kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu, tulichorithi kwao, kinachoweza kumfunga jela hadi miaka miwili mtu aliyenusurika, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Yaani korti imefika mahali ambapo baadhi ya wazee wetu wa kanisa hawajafika.

Nawasikia wakisema: tukilegeza kamba, vijana wengine watafuata. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mtu anayependa watoto wa kanisa lake ana haki ya kuogopa, na ni kweli kwamba kifo cha namna hiyo hakifai kupambwa wala kusimuliwa kwa madoido. Lakini aibu hufundisha nini? Kijana aliyekaa nyuma siku ile, akaona kinanda kimefunikwa na mlango wa kanisa umefungwa, alijifunza somo moja tu: akisikia uzito kama ule, asimwambie mtu.

Imani katika uwezo wa Mungu juu ya kifo ikikosewa inaweza kuua, na sisi Wakenya tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huko mauti yaligeuzwa kuwa mlango wa kukimbilia. Katika kanisa la yule kijana, mauti yalifanywa kuwa kesi ya nidhamu. Kote kuwili, mtu mwenye njaa alinyimwa chakula.

Nasema chakula nikimkumbuka Eliya. Nabii huyo alikuwa ametoka tu kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, ushindi ambao siku hizi ungetangazwa kwa mabango. Siku chache baadaye yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, akimwomba Mungu amtwae roho. Je, alikemewa? Aliambiwa hana imani? Malaika alimgusa akamwonyesha mkate uliookwa na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaguswa tena, akala tena. Mazungumzo juu ya kazi yake yalikuja baadaye sana, baada ya usingizi na safari ndefu. Mhubiri wa leo angeanza na mazungumzo.

Na kule Bethania, kwenye matanga ya Lazaro, Yesu alifika siku nne zimepita. Martha alimlaumu waziwazi kwa kuchelewa. Mariamu akamlaumu vilevile. Hakumwambia yeyote anyamaze. Yeye mwenyewe alijua kitakachotokea baada ya dakika chache, alijua jiwe litaondolewa, na hata hivyo alilia. Nimeisikia habari hiyo ikihubiriwa makaburini mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na karibu kila mara mhubiri hukimbilia kwenye ule mwito wa kumtoa Lazaro nje, akiyaruka machozi kama mtu anayeruka dimbwi. Lakini Lazaro alifufuliwa ili aje afe tena siku nyingine, kwa hiyo sidhani habari hiyo ilihusu kuahirisha kifo tu. Mwenye uwezo juu ya kifo alisimama na wafiwa akalia nao kwanza. Asiye na uwezo huo ana haraka gani?

Basi ukiwa mama wa kwaya, endelea kuanzisha wimbo usiku wa matanga. Mwache mjane alie katikati ya ubeti, wimbo hautaharibika. Ukiwa mzee wa kanisa na kijana akakujia akasema haoni mbele, muulize amelala saa ngapi na amekula nini, keti naye, mpeleke kwa daktari, omba naye njiani, na usimwache peke yake usiku huo. Na wewe unayesoma haya ukiwa na uzito huo huo kifuani, mwambie mtu mmoja leo, yeyote unayemwamini. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu isiyolipishwa, nambari 1199, na wapo watu wa kukusikiliza.

Cowper alikufa tarehe 25 Aprili 1800, akiwa bado anaamini amepotea. Newton alikuwa na umri wa miaka 74, macho yamefifia. Alipanda mimbarini akahubiri mahubiri ya kumkumbuka rafiki yake aliyekaa miaka 27 bila kwenda kanisani. Habari aliyoichagua ilikuwa ile ya Musa na kijiti kilichowaka moto na kisiteketee.